Filamu imeisha, sasa unaanzia wapi video ya kuieleza?

Filamu yetu ya shule ilikuwa ya dakika saba, juu ya baba mmoja anashusha viazi na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, kutoka Kibumba mpaka soko la Virunga hapa Goma. Tulipomaliza profe akatuambia kila mtu atengeneze na video ya dakika tano, aeleze kitu alichojifunza. Mimi nikaandika kurasa sita, siku ya kwanza tulifanya hivi, siku ya pili tukafanya hivi, nikasoma kwenye telefone nikaweka picha juu yake, na wiki mbili zikaenda bure.

Usianze na kuandika. Jiulize kwanza ni sini gani, kipande gani cha filamu, ilikusumbua kuliko zote. Yangu ilikuwa ile baba anafika sokoni, anasimama, anaangalia mbele, kimya. Kwenye montaji ya kwanza, yaani kukata na kuunganisha picha, tuliweka uso wake halafu magunia yaliyoanguka, watu wakasema huyu amekasirika. Tukabadilisha, uso uleule halafu mtoto wake amelala juu ya gunia, sasa wakasema maskini anamuhurumia mtoto. Sekunde nne zilezile jamani! Baadaye njo nikasoma kwamba Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alishajaribu hiyo kitu karibu miaka 100 iliyopita, uso mmoja wa mwigizaji, mara na sahani ya supu, mara na jeneza, na watu wakaona huzuni au njaa ambayo mwigizaji hakuicheza. Nikajua video yangu yote iko hapo, mengine nikaacha.

Kupanga kwenyewe ni karatasi moja unapiga mstari katikati, picha kushoto, sauti kulia, na unajaza kushoto kwanza. Sauti ikirudia kitu macho yanaona tayari, ifute.

Na tafadhali usifute rashi, zile picha zote mlipiga kabla ya kukata, ju ya kutafuta nafasi kwenye telefone! Hata zile zimeharibika, hizo njo za maana zaidi. Sisi tulikuwa na moja magurudumu ya chukudu yanapiga kelele juu ya mawe ya volkano mpaka maneno ya baba hayasikiki, na hiyo ilieleza vizuri kuliko mimi kwa nini sauti inarekodiwa pembeni, si pamoja na picha. Weka kopi kwenye fleshi mbili.

Soma maandishi kwa sauti na saa mkononi, mimi ukurasa mmoja unakula karibu dakika mbili, kwa hiyo dakika tano si kurasa tano. Nilirekodi sauti yangu saa kumi na moja asubuhi, jenereta za majirani zimenyamaza, blanketi kichwani.

Halafu onyesha mtu ambaye hajaona filamu. Mama mdogo wangu aliangalia akauliza, "Sasa ule baba alikuwa na hasira ao huruma?" Nikarudi kwenye montaji, nikaweka zile sini mbili mwanzoni kabisa, moja nyuma ya ingine, bila neno lolote, kisha njo nikaanza kuongea.