Pointi za hoteli kwa anayesafiri mara tatu kwa mwaka

Mleta mada anauliza kama ina maana kujiunga na mipango ya uanachama ya hoteli, wakati yeye husafiri mara tatu au nne tu kwa mwaka na kulala usiku mbili tatu kila safari. Jiunge, ni bure. Ila usikubali hata siku moja pointi zikuchagulie hoteli. Hilo la pili limenila hela, ndiyo maana naandika kirefu.

Nina akaunti kwenye mipango minne, huu mwaka wa tisa. Muda wote huo nimelala bure usiku mmoja. Mmoja tu! Na wenyewe haukutoka mfukoni mwangu: ofisi ilinipeleka mafunzo, nikakaa usiku 12 kwenye hoteli ya dola 140. Ofisi ikalipa, pointi zikaingia kwangu. Mpango ule hutoa pointi 10 kwa kila dola, nikatoka na 16,800, na mwaka uliofuata nikazibadilisha kwa usiku mmoja kwenye hoteli ya kawaida ambayo ningeilipia kama dola 110. Kwa maneno mengine, ilibidi mtu atumie dola 1,680 ndipo nipate huo usiku. Kwa safari zangu binafsi ningehitaji miaka, na pointi hazina subira hiyo.

Hapo ndipo wasafiri wa mara mojamoja tunapoumia. Chukua makampuni makubwa ya hoteli: Accor hufuta pointi zako ukimaliza siku 365 bila kulala kwao. IHG ni miezi 12 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, kwa mwanachama ambaye hajapanda daraja. Marriott, Hilton na Hyatt wana huruma kidogo, miezi 24. Mimi nilipoteza pointi 9,000 na ushee kwenye mpango ambao sitautaja. Barua pepe ya kunionya ilitumwa kweli, ikaangukia kwenye folda ya matangazo, nikaikuta wiki mbili baadaye nikiwa natafuta risiti nyingine kabisa. Nikafungua akaunti: sifuri.

Kuhusu madaraja, naomba nikukatishe tamaa mapema. Marriott na IHG wanakupa daraja la Silver ukifikisha usiku 10 kwa mwaka. Inaonekana karibu, na ukaribu huo ndio mtego. Mwaka mmoja Desemba ilinikuta na usiku 8 kwenye mpango fulani. Nilikuwa na shughuli ya siku mbili, na jirani na ukumbi kulikuwa na hoteli nzuri ya bei nafuu. Nikaiacha, nikaenda kulala kwenye hoteli ya mpango wangu iliyokuwa mbali, teksi asubuhi, teksi jioni. Daraja likapatikana. Safari iliyofuata dada wa mapokezi akatazama skrini, akatabasamu, akanishukuru kwa uaminifu wangu na kunipa chupa mbili za maji badala ya moja. Chumba kilitazama maegesho ya magari. Nikauliza kama naweza kuchelewa kutoka kesho yake, akaniambia itategemea na nafasi. Nafasi haikuwepo. Kile ambacho watu wanakitamani hasa, kifungua kinywa cha bure, kwa Marriott huanza kuonekana kwenye Platinum, yaani usiku 50, na tena si kwenye hoteli zao zote. Kwa Hyatt ni Globalist, usiku 60. Mtu wa usiku 10 kwa mwaka aisahau hiyo hadithi.

Kwa hiyo faida iko wapi? Iko kwenye bei ya siku hiyohiyo. Ukiingia kwenye tovuti ya hoteli ukiwa mwanachama, mara nyingi unaona bei ya chini kidogo kuliko ya mgeni wa kawaida, na intaneti ya chumbani huwa bure. Hiyo unaila leo, haikusubiri. Linganisha na pointi: Accor wanakurudishia euro 40 kwa kila pointi 2,000, na mwanachama mpya hupata pointi 25 kwa kila euro 10 kwenye hoteli kama Novotel. Piga hesabu, ni lazima utumie euro 800. Asilimia 5, tena ukiwahi kabla hazijafutwa. Wakati huo kwa Booking.com, wakala wa kukodi vyumba mtandaoni, ngazi ya kwanza ya Genius, mpango wao wa uanachama, inakupa asilimia 10 papo hapo kwenye hoteli zinazoshiriki, kwa kufungua akaunti tu. Tahadhari moja: ukipitia kwa mawakala kama hao, kwa kawaida hoteli haikupi pointi, hata ukimtajia mtu wa mapokezi namba yako na yeye akaiandika kwa adabu zote.

Siku hizi nafungua madirisha mawili, tovuti ya hoteli nikiwa nimeingia kama mwanachama, na wakala. Naangalia bei ikiwa na kodi na kifungua kinywa, na kama naweza kughairi bila kukatwa. Nachukua iliyo nafuu. Pointi zikija, zije.

Halafu jina kwenye akaunti liandike kama lilivyo kwenye pasi. Mimi niliandika majina mawili, pasi ina matatu, usiku tatu hazikuingia. Nimetuma risiti, nimetuma picha ya pasi, nimeandikiana nao wiki tano, kwa pointi zisizofikia bei ya ile chupa ya pili ya maji.