Ukijikataza maneno, uandishi unakuwa mzuri?

SUALI: Assalaam alaykum Bi Mkubwa wa Kalamu. Mie nipo Wete, nnaandika andika habari za hapa kwetu naziweka mtandaoni, lakini kaka yangu ananicheka ati naandika kama katibu wa kikao. Nimesikia kuna watu wanajikataza maneno makusudi ili waandike vizuri, na kuna Mfaransa kaandika kitabu kizima bila ya herufi moja. Huo si mchezo wa skuli tu? Sentensi yangu hii hapa, ya diko, yaani pale wavuvi wanaposhusha samaki: "Diko ni sehemu ambayo ni muhimu sana kwa wavuvi ambao wanarudi asubuhi." (Msomaji, Pemba)

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Kaka yako ana ulimi lakini hakukosea, hiyo sentensi inanuka kikao hehe.

Huyo Mfaransa ni Georges Perec, mwaka 1969 alitoa riwaya haina "e" hata moja, na Kifaransa bila ya e ni shughuli pevu. Usimuige. Sisi tukisema tuikatae "a", vitenzi vyetu vingi vinamalizikia hapo hapo, utabaki na siendi, sijui, nipe, tule, mtu akikusoma atadhani umenuna na una njaa.

Wala usione mambo ya kigeni haya, mtunzi wa shairi hapa kwetu toka zamani anajifunga mwenyewe, mizani 8 kipande hiki 8 kile na vina juu yake, neno likizidi silabi moja anasaka jengine na mara nyingi hilo jengine ndo tamu zaidi.

Wee jikataze viwili tu, wiki moja: "amba-" na "muhimu". "Ambao wanarudi" inakuwa "wanaorudi", hapo huumizi kichwa. Kwenye "muhimu" ndo pana kazi, kwa sababu ukiitoa lazima useme diko linamfaa nini huyo mvuvi. Nimekaa na chai yangu nimejaribu, nikapata: "Wavuvi wanaorudi alfajiri wanamwaga changu dikoni, jua halijatoka na mnada ushaanza." Umeona, "ni" zote mbili zimeondoka zenyewe wala sikuzigusa! Hao changu nimewatia kwa kukisia lakini, mie sikai Wete, wee unayepita hapo kila siku tia samaki wako.

Utakwama pahala pamoja, kwenye "me". "Wavuvi ambao wamerudi" huna njia ya kuifupisha ila useme "waliorudi", na maana inasogea kidogo, sasa kama unaitaka ile ile ya mwanzo basi irudishe amba- yako, hakuna askari.

Na marufuku yenyewe itie siku ya pili, siku ya kwanza andika ovyo tu. Mie nishawahi kujikataza kabla sijaanza, nikamaliza siku nzima na mstari mmoja, tena mbaya.

Niletee sentensi nyengine, na kaka yako umwambie alete yake tuione.