Mtoto hawekwi dayet peke yake

SWALI: Asalaam aleikum Shangazi. Nina binti wa miaka 9, tunakaa Kisauni pamoja na mavyaa wangu. Mwaka huu mtoto kanenepa ghafla, sketi ya skuli niliyomshonea Januari sai haifungi, na wenzake wanamwita bonge, kila siku anarudi analia. Nikimpunguzia wali nyanyake anamuongezea, ati akikonda watu watasema hatuli. Sasa nataka nimkatie chakula cha usiku kabisa, awe anakunywa chai tu. Nisaidie. (Mama Binti, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Hio ya chai ya usiku naomba uiwache leo leo. Mtoto wa miaka 9 bado anarefuka, kwa mwaka anaongeza sentimita 5 ama 6 hivi, kwa hivo mara nyingi hatakiwi kupunguza kilo, zinatakiwa zisimame pale pale mpaka kimo kizifikie. Ukimlaza na njaa ataanza kula kwa kujificha, utakuja kukuta maganda ya biskuti chini ya mto, na ukishafika hapo kumtoa ni kazi sana.

Halafu jiulize, huyu mtoto ndo anapika? Ndo anaenda soko la Kongowea? Anakula kile nyumba inakula. Usimkalishe peke yake na kisahani chake cha kachumbari na nduguze wako pale wanakula chipsi, hio ni adhabu na yeye hajakosa. Mkibadilisha badilisheni nyote.

Mi ningeanza na vinywaji. Joto letu unalijua, mtoto anashuka kwenye tuktuk saa tisa koo limekauka, anafungua friji anakuta soda, anakunywa yote kwa pumzi moja. Chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na kitu, yani vijiko 7 mpaka 8 vya chai, na madaktari wa moyo kule Marekani wanashauri mtoto asipitishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Wala usimpe hotuba. Chukua kisahani, mmimine sukari kijiko kimoja kimoja mkihesabu wote, na nyanyake awepo. Nilifanya hivo kwangu na tangu siku ile mume wangu hajarudi na kreti ya soda. Weka chupa ya maji kwa friji, tia vipande vya ndimu, iwe ndo kitu cha kwanza mtoto anakiona akifungua. Juisi ya ukwaju ama ya embe, hata ukisaga mwenyewe, ukishaitia sukari ni ile ile, iwekeni ya Ijumaa. Embe lenyewe mpe alitafune.

Kuna hili la sinia pia. Mkila sinia moja watoto wanashindana, anayemeza haraka ndo anapata nyama, na tumbo linachukua kama dakika 20 kukwambia limeshiba, sasa mpaka limwambie tayari kashakula cha watu wawili. Sisemi muwache sinia, ni baraka ile. Lakini gawa nyama na samaki mapema kila mtu awekewe upande wake, mchicha uwe mwingi, tivii izimwe, na wali mara nyingi upike kwa tui la pili, kasimile, lile tui la kwanza zito, iwe ya siku maalum. Mahamri ya chai ya jioni moja linatosha, na mbaazi ziwe nyingi.

Kuhusu mavyaako, usigombane nae. Wazee wetu wameona njaa, mtoto mnene kwao ni shukrani kwa Mungu, so ukimwambia anamharibu mtoto utakuwa umemtusi. Mpe kazi. Muombe awe anatoka na mjukuu wake jioni baada ya madrasa, waende hadi dukani na kurudi kwa miguu, na awe yeye ndo anampikia kunde na muhogo wa kuchemsha kama alivyolelewa yeye. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku, na si lazima iwe mara moja, kuruka kamba barazani ni hesabu, kusafisha nyumba ni hesabu, wikendi maji yakipwa mpelekeni pwani akimbie na mpira. Mkienda kutembea bustani ya Mama Ngina kuleni nyumbani kwanza, manake pale viazi karai na mihogo ya kukaanga iko kila hatua.

Usingizi pia. Umri wake anahitaji saa 9 mpaka 12. Kama anaamka saa kumi na moja na nusu kuwahi basi la skuli, basi saa mbili na nusu awe kalala na simu iko chumbani kwako. Asiyelala vizuri njaa inamzidi kesho yake, na anataka vitamu tu.

Na tafadhali, leo usiku muangalie shingo kwa nyuma. Binti wa dadangu alikuwa na weusi pale, kama kitambaa cha mahameli ukiugusa, na sisi tukadhani ni taka, tukamsugua kwa ndimu na dodoki mpaka analia. Mpaka leo naumia nikikumbuka. Daktari akatuambia si uchafu, ni mwili unashindwa na sukari. Ukiona hivo, ama mtoto anakoroma sana, mpeleke hospitali wiki hii, na kama ni kiu na mkojo vimezidi usingoje, mpeleke siku hio hio. Hata usipoona kitu, mpeleke apimwe kilo na kimo pamoja, manake jedwali la watu wazima halimhusu.

Na hilo neno bonge ongea na mwalimu wake, na nyumbani lisitamkwe hata kwa mapenzi.

SWALI: Shangazi, kijana wangu wa miaka 13 ameona kwa simu dayet ya kutokula wanga kabisa, nimruhusu? (Baba Kijana, Likoni)

JIBU: La, babangu, usimruhusu. Yuko kwenye kubalehe, mwili unajenga mifupa na misuli sai. Muulize kwa upole nani amemwambia ni mnene, halafu jioni tokeni nyote wawili mkacheze mpira.