Mpasue kuku mgongo: kwa dada wa Sakina anayengoja wakwe

Juzi usiku niliandikiwa na dada mmoja wa Sakina, Arusha. Wakwe zake wanakuja mwisho wa mwezi. Ameshajaribu kuoka kuku mzima mara tatu, na mara zote tatu kidari kimetoka kikavu huku paja likitoa maji mekundu. Mwisho akaniuliza: "Dada, nimkatekate tu nimkaange yaishe?"

Usimkaange, mdogo wangu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kusoma ujumbe wako, maana hayo maji mekundu ninayajua. Yaliwahi kuniliza nyuma ya nyumba ya watu, kwenye migomba, siku ya Krismasi.

Mimi ni mtoto wa Singida. Mtanzania yeyote ukimtajia Singida atakutajia alizeti na kuku. Kuku wetu wanapakiwa kwenye matenga wanasafiri hadi Dar es Salaam, na huko mtu akiambiwa kuku ametoka Singida anatoa hela bila kubishana sana. Mwaka 2019 niliolewa Machame, Kilimanjaro, na Krismasi ya mwaka huohuo nikapanda mlimani kwa mara ya kwanza kama mke wa mtu. Wanaoijua Uchagani ya Desemba hawana haja ya kuelezwa. Watoto wote wa ukoo wamerudi, kila boma limejaa, mbuzi wanachinjwa, mbege inachotwa. Mama mkwe akagawa kazi. Mtori kwa huyu, ndizi kwa yule, mbuzi kwa wanaume. Halafu akanigeukia mimi: "Kuku namwachia mwanangu wa Singida."

Ile ilikuwa heshima, na nilitaka kuipokea kwa kishindo. Nilikuwa nimeona kwenye picha kuku mzima amekaa katikati ya sinia, miguu imefungwa, ngozi inang'aa kahawia. Nikanunua broila watatu wakubwa mjini Moshi, nikawajaza vitunguu na malimao tumboni, nikawafunga miguu kwa uzi, nikawaweka kwenye sufuria kubwa na kupalia makaa juu ya mfuniko. Baada ya saa moja na nusu walikuwa na rangi nzuri mno. Niliwabeba mwenyewe mpaka mezani.

Shemeji yangu mkubwa akashika paja, akavuta. Damu. Nyama ya ndani ilikuwa inateleza bado, ya waridi, mbichi kabisa. Watu wakanyamaza. Wifi yangu akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia: "Singida gani hii, kuku anatoka damu?" Wakacheka. Sitasema walikuwa na nia mbaya. Lakini walicheka, na mimi nilikuwa na miezi minne tu katika ukoo ule.

Mama mkwe hakusema neno. Alichukua sinia, akarudi jikoni, akawakata wale kuku vipande, akawatia kwenye sufuria na nyanya na vitunguu. Tulikula saa kumi, mchuzi. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Wifi, kwa upande wake, alilikumbusha jambo lile kila Desemba, na kila Desemba nilijitolea kuosha vyombo ili mtu asinipe kuku tena. Bado linaniuma kidogo ninapoliandika.

Aliyenifungua macho ni kijana mchoma kuku hapa mjini Moshi. Nilikuwa nimesimama nangoja kuku wangu, nikamwona akichukua kuku mzima, akamlaza kifudifudi, akashika mkasi mkubwa na kukata upande huu wa uti wa mgongo, kisha upande ule, akautoa mzima. Akamgeuza, akaweka viganja viwili juu ya kidari na kukandamiza mpaka mfupa ukalia, ka! Kuku akalala bapa kama kitabu kilichofunguliwa. Nikamwuliza kwa nini asimkate tu vipande. Akanijibu, "Mama, kuku akikunja miguu anaficha paja. Mimi simpi pa kuficha."

Niliondoka pale na kuku wangu mkononi nikiwa na hasira na nafsi yangu. Maana ndicho hasa nilichokifanya Machame: nilifunga miguu. Nililificha paja kwa uzi, nikajaza tumbo vitu vya baridi, kisha nikataka moto ufike ndani.

Ukilielewa hili, mengine yote ni rahisi. Kidari hakina mafuta, kinaiva mapema na kinaanza kukauka kikizidi nyuzi joto 65 au 70. Paja lina mishipa na utando, linataka joto zaidi ndipo lilainike. Kuku mzima akiwa amekaa, kidari kiko juu kabisa kinapigwa na moto, paja liko chini limejikunja kwenye ubavu. Kwa hiyo kile kinachotaka moto mdogo kinapata mwingi, na kinachotaka mwingi kinapata mdogo. Ukimlaza bapa, mapaja yanatoka nje kwenye kingo za trei ambako joto ni kali, na ngozi yote inatazama juu. Kuku wa kilo moja na nusu ambaye mzima angekula saa moja na nusu, akiwa bapa kwenye nyuzi 220 anaiva kwa dakika 45 mpaka 50. Gesi nayo unaiokoa.

Sasa namna ya kumwandaa. Chagua broila au chotara kijana. Kuku wa kienyeji aliyekomaa, nampenda kuliko wote na nimekulia naye, lakini huyo ni wa kuchemsha kwanza. Ukimpeleka oveni moja kwa moja utatafuna mpaka jioni. Mpasue mgongo kwa mkasi imara au kisu kizito, mkandamize, kisha mkaushe. Narudia, mkaushe. Mfute kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni nje na ndani, mpake chumvi kijiko kimoja cha mezani kisichojaa, umweke kwenye friji usiku kucha bila kumfunika, rafu ya chini kabisa ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine. Asubuhi ngozi itakuwa kavu kama karatasi. Ngozi yenye maji haibadiliki rangi mpaka maji yote yaishe, na wakati unayasubiri yaishe kidari kinakufa. Kama huna friji, chumvi saa moja kabla na umfute tena.

Kitunguu saumu usipake juu ya ngozi, kitaungua kiwe kichungu. Ingiza vidole taratibu kati ya ngozi na kidari, upake huko ndani siagi iliyochanganywa na saumu na pilipili manga. Juu, mafuta kidogo tu. Limao kamulia mwisho, akishaiva. Najua wengi wetu tumelelewa kumlaza kuku kwenye limao na tangawizi usiku kucha, na kwa kuku wa kukaanga sina ugomvi. Kwa huyu, limao la usiku linarudisha maji kwenye ngozi uliyohangaika kuikausha.

Viazi. Hapa nitakaa kidogo, maana kwangu viazi ndivyo vinavyofanya watoto wapigane vijiko. Nunua sado la viazi vile vya unga, vinavyopasuka vikichemka. Pale soko la Mbuyuni, Moshi, muulize muuzaji viazi gani vinamvurugikia mtu kwenye mchuzi, hivyohivyo ndivyo unavyotaka. Menya, kata nusu, chemsha kwa maji yenye chumvi na chembe ya magadi, magadi yaleyale ya kwenye maharage. Magadi yanalegeza uso wa kiazi, unakuwa na vumbivumbi ambalo kwenye moto linageuka kuwa ganda. Usizidishe, kitakuwa na ladha ya sabuni. Dakika nane mpaka kumi, na ninyi wa Arusha ongezeni mbili tatu: mji wenu uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100. Mwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria tupu, funika, utikise kwa nguvu mpaka kingo zichakae. Viache vitoe mvuke wote. Vichanganye na mafuta, vitandaze kwenye trei, kuku juu yake.

Mafuta ya kuku yatadondokea viazi, na hapo watu wengi ndipo wanapokosea: kuku akiiva wanatoa vyote pamoja. Vile viazi vilivyokuwa chini ya kuku vimelowa, havina ganda. Mtoe kuku, mweke kwenye ubao apumzike, viazi uvirudishe ovenini dakika kumi au kumi na tano. Kuku anahitaji mapumziko hayo hata hivyo. Ukimkata anatoka motoni, maji yake yote yanabaki kwenye ubao.

Utajuaje ameiva? Shika mfupa wa mguu uutikise, kiungo kiwe kimelegea. Choma kisu pale paja linapoungana na mwili, maji yatoke meupe. Mwenye kipimajoto cha nyama, nyuzi 74 mahali penye nyama nene. Usilipuuze hili ukadhani ni aibu tu, kuku mbichi anaweza kuwa na salmonela, vijidudu vya tumbo, na wageni wako wakaugua. Ila fahamu pia kwamba broila anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, mifupa yake bado ni laini, na rangi ya uboho huvuja ikaacha wekundu karibu na mfupa hata nyama ikiwa imeiva kabisa. Kwa hiyo tazama maji na kiungo, usihukumu kwa rangi peke yake. Yule wangu wa 2019 hakuwa na utetezi huo.

Jumapili iliyopita nilirudi jikoni kwa mama mkwe. Baridi ya Julai kule Machame, ukungu mpaka saa sita. Nilimwomba mwenyewe: "Mama, leo kuku nipike mimi." Aliniangalia kidogo, akasema sawa. Hana oveni, kwa hiyo ilikuwa sufuria ileile na makaa yaleyale. Wasio na oveni mnisikilize hapa. Kuku bapa ni mzuri kwa kupalia kuliko kuku mzima, kwa sababu amelala chini, hagusi mfuniko, na joto la juu linamfikia kote sawasawa. Viazi vitangulie chini vimzuie asiungue. Makaa machache chini, mengi juu, kama fungu moja kwa mawili. Kila dakika ishirini inua mfuniko, uufute maji kwa kitambaa, utoe mvuke. Usipoutoa, kuku anachemka badala ya kuokwa. Nilikuwa na kuku wawili kwenye sufuria mbili, na kila mmoja alichukua saa moja na dakika kumi.

Shemeji alivuta paja. Likaachia lenyewe, maji meupe. Wifi alikuwepo. Hakusema kitu, alikula, akachukua kiazi kwenye sahani ya mwanawe, kisha akainuka kuongeza. Na mama mkwe alichukua firigisi, ambayo kwenye nyumba ile haijawahi kwenda kwa mtu mwingine zaidi ya mwanaume mkubwa aliyeko mezani, akaiweka kwenye sahani yangu. Mbele ya wote. "Aika," akasema, yaani asante kwa Kichagga, akaendelea kula.

Miaka yote hii, dada zangu, nilidhani nilikosa kipaji. Nilikosa subira. Tunataka chakula kionekane kabla hakijaiva, tunataka sinia la picha, tunaogopa kumpasua kuku tukidhani ataonekana amevunjika. Mpasue. Na uwe tayari kuanza jana yake, siyo saa nne asubuhi wageni wakiwa njiani wanakupigia simu.

Kwa hiyo wewe wa Sakina: kuku mmoja kwa watu wanne, na kama ni wawili tumia trei mbili, usiwabananishe, wakibanana watatoa mvuke. Ijumaa nunua, mpasue, chumvi, friji. Uti wa mgongo usiutupe, uchemshe na shingo, tangawizi na kitunguu, wakwe waanze na supu wakati kuku anapumzika. Jaribu mara moja wiki hii na baba watoto pekee. Kisha Jumatatu uniandikie, uniambie paja lilikuwaje.