Unga wa majani ya shayiri kwa mama anayetumia warfarini

Dada wa Wete, nimekuelewa: mama anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na jirani kamletea unga wa majani ya shayiri kutoka Darajani, nawe wauliza kama umpe. Usimpe kwanza. Majani hayo yana vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Damu inaweza kuganda. Chukua kopo ukamwoneshe daktari wake, na dawa asiiache.

Tena sifa nyingi za kale za shayiri ni za punje, si majani. Talbina, uji wa shayiri, imetajwa katika hadithi za Mtume kuwa humliwaza mgonjwa na mwenye huzuni. Unga wa majani ulienezwa Japani na mtaalamu wa dawa Yoshihide Hagiwara, karne ya 20. Bibi yangu alipokosa hamu ya kula nilimpikia talbina ya maziwa na asali, ikamshuka vizuri. Kama mama ana sukari, asali usitie.