Ndege wa msituni: maswali yenu wiki hii

Nimekaa siku mbili loji ya katikati ya msitu wa mvua, sauti za ndege kila kona ila niliowaona hawafiki kumi. Nakosea wapi?

Hujakosea ndugu yangu, msitu ndo ulivyo. Miti mirefu inafika mita 30 hadi 40 na ndege wengi wanaishi hukohuko juu, so masikio yanatangulia, macho baadaye. Halafu ndege wengi wanaokula wadudu wanatembea kwa makundi mchanganyiko, aina kumi na zaidi pamoja, unaweza kukaa lisaa zima kimya kabisa mara ghafla majani yote yanacheza, na dakika tano tu wameshapita. Watu wakiona kimya wanaongeza mwendo, hapo ndo wanapokosa, wewe simama wakukute. Ukiona msafara wa siafu toka njiani kwao lakini usiondoke, maana panzi na mende wanaowakimbia siafu wanadakwa na ndege wanaoufuata huo msafara, mimi nimeshakaa hapo masaa mawili na sikutamani kuondoka. Na alfajiri usikimbilie mbali, anza na taa za loji zilizowaka usiku, wadudu wamejaa ukutani na ndege wanakuja kunywa chai hapo.

Darubini ya 8x42 au 10x42?

8x42. Hiyo 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita. Ya 10 inakuza zaidi ila mkono ukitikisika picha nayo inatikisika, na eneo unaloliona ni dogo, sasa ndege karuka tawi la pili utampataje?

Kuna ubaya gani kumpigia ndege sauti yake kwenye simu ili aje karibu?

Dada naomba sana usifanye, hasa msimu wa kutaga. Yeye anajua kaja mpinzani kumnyang'anya eneo, anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na mtu ambaye hayupo. Chukua hondohondo, jike anajifungia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa unabaki ufa mwembamba tu, na kwa wiki nyingi chakula chake kinategemea dume anayekuja na kurudi. Ukimpotezea dume muda wake aliye ndani anashinda njaa. Picha nzuri haifiki thamani hiyo, kwangu mimi haifiki kabisa.

Mvua ikinyesha siku nzima si nimepoteza safari?

Ndo maana nasema usiende chini ya siku nne. Ila kaa tayari barazani, mvua ikikata tu ndege wanatoka kwa fujo, wana njaa, wanakauka kwenye matawi ya wazi, wengine wanakunjua mabawa juani kabisa. Kamera iweke kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, lenzi ikiota ukungu kuitoa ni kazi.