Tenga D kabla msimu wa korosho haujaanza

Karani mpya wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, akikabidhiwa kompyuta, kazi yake ya kwanza huwa ni kufungua Excel, kuandika orodha ya wakulima na kuihifadhi kwenye Desktop. Pale faili linaonekana upesi, ndiyo maana kila mtu anapapenda. Lakini Desktop iko ndani ya C, ile sehemu ya diski inayokaa Windows, chumba kimoja nayo. Siku Windows ikigoma kuwaka, fundi, awe wa Mtwara mjini, Masasi au Nachingwea, mara nyingi atafomati C na kupiga Windows upya. Kilo za kila mkulima, malipo, barua za bodi, vyote vinaondoka. Ikitokea Novemba, minada ikiwa imepamba moto, mkulima aliyeleta korosho zake hawezi kuambiwa asubiri uandike upya.

Kwa hiyo igawe diski: C ibaki ya Windows na programu, D iwe ya kazi. Fanya hivyo wakati ofisi imetulia. Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Hakikisha betri imejaa, au kompyuta ya mezani iko kwenye UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika), kwa sababu umeme ukikatika diski ikiwa inagawanywa, C inaweza kuharibika. Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data. Kama imefungwa, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi na uiweke kabatini. D nayo ikifungwa baadaye, andika ufunguo wake pia, maana kila sehemu ina wake. Ukiupoteza, unaweza kupiga Windows upya vizuri kabisa na bado D ikakataa kufunguka.

Sasa bonyeza Start kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Disk Management, bonyeza C kwa kulia, chagua Shrink Volume. Hapa wengi wanateleza: kisanduku kinauliza megabaiti za kupunguza, si za kubakiza. Diski inayouzwa kama GB 256 Windows huionyesha kama GB 238 hivi. Ukitaka D ya GB 90, zidisha 90 kwa 1024, andika 92160, na C itabaki na karibu GB 147. Tunashauri C isipungue GB 100, maana masasisho ya Windows yanakula nafasi, na C ikijaa kompyuta nzima inakuwa nzito.

Kuna wakati C ina GB 150 tupu, lakini Windows inakubali kupunguza GB 20 tu. Diski si mbovu. Katikati ya C kuna mafaili yasiyohamishika, hasa la kulaza kompyuta na yale ya kurejesha mfumo. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya administrator, andika powercfg /h off, zima System Protection, zima na uwashe kompyuta, kisha rudia. Kuzima System Protection kunafuta nukta zote za zamani za kurejesha mfumo, kwa hiyo ukimaliza kugawa usisahau kuiwasha tena.

Sehemu iliyopunguzwa itaonekana na mstari mweusi juu yake. Ibonyeze kwa kulia, chagua New Simple Volume, aina ya mpangilio wa mafaili iwe NTFS, na uipe jina KAZI. Usiruke hatua ya jina. Utaona faida yake mbele.

Kuwa na D hakutoshi, kwa sababu mkono utarudi kwenye Desktop tu. Ihamishe Desktop yenyewe. Ndani ya D tengeneza folda mbili, Desktop na Documents. Kisha nenda kwenye Documents ya kawaida, bonyeza kwa kulia, Properties, Location, Move, uielekeze D:\Documents, na ukiulizwa kama mafaili yahame, jibu Yes. Rudia kwa Desktop. Usielekeze kwenye D:\ tupu: diski nzima itageuka kuwa Documents, na kuirudisha ilivyokuwa ni usumbufu mkubwa. Usielekeze mbili kwenye folda moja pia, zitachanganyika. Hatua hii ikikataa, mara nyingi OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ndiyo inayozishikilia folda hizo. Izime kwanza upande wa bakapu.

Programu za hesabu hazifuati Documents. Tally, mojawapo ya programu hizo, ina folda yake ya data, na usipoibadilisha inaweza kuwa C. Fungua mipangilio ya programu, soma njia iliyoandikwa pale, uielekeze D.

Siku ya kupiga Windows upya, kaa karibu na fundi. Orodha ya usakinishaji haionyeshi herufi C na D. Inaonyesha namba za partisheni, yaani sehemu za diski, pamoja na jina ulilozipa na ukubwa wake. Ile yenye jina KAZI na GB 90 haiguswi, wala kufutwa wala kufomatiwa. Ndiyo maana hatukugawa nusu kwa nusu: GB 119 mbili zikipangwa juu na chini, mtu aliyechoka anafuta isiyo yake. Baada ya hapo rudia ile Move, na Windows ikisema huna ruhusa ya folda za zamani, bonyeza Continue.

Hata hivyo C na D ni diski moja ndani ya bati moja. Kompyuta ikiibiwa, au diski ikifa, zote zinakwenda, na kirusi kilicholetwa na fleshi ya mtu kinafika D kama kinavyofika C. Nakili D kwenye diski ya nje kila Ijumaa jioni, na msimu ukiwa wazi nakili kila siku ya kupokea mzigo. Diski hiyo iwe ya NTFS au exFAT, kwani FAT32 inakataa faili linalozidi GB 4. Ukimaliza, ichomoe, na isilale ofisi moja na kompyuta.